Mgeni Amekuja, Mwenyeji Amepona?

Kila Ijumaa, swala ikishamalizika na waumini wakishatawanyika, ofisi yetu ndogo iliyo ubavuni mwa msikiti hapa Kahama hupokea vijana. Huja wawili wawili, bahasha za kaki mkononi, wamevua viatu tangu mlangoni. "Shikamoo ustadhi, tumekuja kuomba barua." Barua yenyewe tunaifahamu kabla hawajaieleza. Mkandarasi fulani wa migodini ametangaza nafasi za kazi, na kila mwombaji anatakiwa awe na wadhamini wanaomfahamu, mmoja wao akiwa kiongozi wa dini. Nasi wajumbe wa kamati humtazama kijana, tukamkumbuka baba yake, tukaandika mistari minne ya kumsifu kwa uaminifu, tukagonga muhuri.

Kwa miaka mingi tuligonga muhuri bila kuuliza jambo. Siku moja imamu wetu, aliyekuwa ameketi pembeni akipitia kitabu, aliinua macho akamuuliza mmoja wao: "Unaomba kazi gani, mwanangu?" Kijana akajibu kwa adabu: "Kazi yoyote, sheikh." Imamu akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Hakuna anayeajiri mtu wa kazi yoyote. Huajiriwa dereva, huajiriwa fundi wa umeme, huajiriwa mpishi."

Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, ambayo kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 ina watu zaidi ya milioni 5 kwa pamoja, haikosi kutajwa panapozungumzwa habari za uwekezaji wa kigeni. Husemwa kwamba wawekezaji waje, ajira zije, na maendeleo yatafuata. Sisi hatuna ugomvi na dua hiyo. Lakini wawekezaji walikwisha kuja, tena zamani, na bado kijana wetu anaomba kazi yoyote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni haki yetu kuuliza kama mwenyeji amepona, na kama hajapona, dawa iko kwa nani.

Ugeni wa miaka mingi

Yapo mambo ambayo vijana wetu hawakufundishwa, nayo yafaa wayajue. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, naye Williamson akaitoa kuwa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Baada ya kifo chake mwaka 1958, mgodi ukawa mali ya kampuni ya De Beers na serikali, nusu kwa nusu. Baadaye ukataifishwa, mwaka 1994 De Beers ikarudi, na mwaka 2009 Petra Diamonds ikashika nafasi yake. Ndani ya uzio wa Mwadui palijengwa hospitali, shule, nyumba nzuri na uwanja wa ndege. Nje ya uzio huo, wakulima wa pamba na mtama waliendelea kutazama mawingu kama walivyotazama babu zao.

Geita nayo si ngeni kwa wageni. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulifanya kazi hapo tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, ulipofungwa. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, Geita haikuwa na mgodi mkubwa. Palibaki maduara ya wachimbaji wadogo na kumbukumbu za wazee. Kisha ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyofungua mlango kwa mitaji ya nje. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya wa Geita, ambao sasa unamilikiwa na AngloGold Ashanti na ambao katika miaka ya karibuni hutoa takriban wakia laki 5 za dhahabu kwa mwaka. Mwaka 2001 ukafuata Bulyanhulu, mahali ambapo maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa mwezi Agosti 1996, jambo lililozua mabishano ya miaka mingi. Mwaka 2009 ukafunguliwa Buzwagi, hapa hapa mlangoni mwa Kahama.

Tunayataja haya si kwa ajili ya kufukua machungu. Tunayataja ili tuone jambo moja: mgodi huja na siku yake ya kufungwa. Geita ilikwisha kuionja siku hiyo mwaka 1966. Dhahabu haina mbegu. Ikichimbwa leo haioti tena msimu ujao. Kwa hiyo mji wenye busara, siku utepe unapokatwa, hauulizi tu ni watu wangapi wataajiriwa. Huuliza pia ni ujuzi gani utakaobaki mikononi mwa watu siku lango litakapofungwa.

Mkataba ulioandikwa ukaeleweka

Katika masomo yetu ya fiqhi tulisoma mlango wa mudharaba. Mmoja huleta mtaji, mwingine huleta kazi yake, na faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana kabla ya kazi kuanza. Wanavyuoni walishikilia kwamba sehemu hiyo lazima ijulikane. Fungu lisilojulikana huharibu mkataba. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu inahusu kuandikiana na kuweka mashahidi katika madeni. Uwekezaji wa kampuni za kigeni si mudharaba kwa maana ya kisheria, lakini msingi wa uadilifu ni ule ule: ijulikane tangu mwanzo nani anapata nini, na iandikwe.

Taifa letu limejifunza somo hilo kwa hatua. Chini ya sheria ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaupandisha hadi asilimia 4. Marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6, yakaongeza asilimia 1 ya ada ya ukaguzi, na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kuzilipia.

Kila msomaji anakumbuka mwaka 2017 ulivyokuwa. Mwezi Machi serikali ilizuia kusafirisha mchanga wenye madini, na neno "makinikia" likaingia katika kila kijiwe cha kahawa. Makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kampuni ya Acacia ikapunguza kazi Bulyanhulu, na watu wapatao 2,000 wakaguswa na hatua hiyo. Mgogoro ulipokwisha, Januari 2020, ulitiwa saini mkataba uliozaa kampuni ya Twiga Minerals, ambamo serikali ina asilimia 16 na Barrick asilimia 84, huku manufaa ya kiuchumi yakigawanywa nusu kwa nusu. Uchimbaji Bulyanhulu ukarejea baadaye.

Wapo wanaoishia kushangilia ushindi wa mwaka 2020, na wapo wanaoishia kulaumu hasara ya 2017. Sisi tunaona mambo hayo mawili ni habari moja. Uchungu wa mkataba mbaya hausikiki siku ya kutia saini. Husikika siku ya kuurekebisha, na siku hiyo wa kwanza kurudishwa nyumbani ni mchomeleaji, dereva na mama lishe wa nje ya lango. Serikali ilikuwa na mawakili, na kampuni ilikuwa na mawakili. Mama lishe hakuwa na wakili. Yeye alikuwa na sufuria tatu na deni la mchele.

Masharti hayaishii kwenye fedha. Mwezi Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji vya jirani. Usalama wa jirani nao ni sehemu ya hesabu ya uwekezaji, na unapaswa kuandikwa, kukaguliwa na kueleweka kwa wanaolala chini ya ukingo huo.

Somo la Buzwagi

Kwa watu wa Kahama, kitabu cha karibu zaidi ni Buzwagi. Ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaingia katika shughuli za kufungwa. Miaka 12 tu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka mgodi ulipofunguliwa alikuwa amefikia umri wa kutafuta kazi mwaka ulipofungwa.

Hata hivyo, yaliyofuata yana la kufundisha. Badala ya kuliacha eneo hilo liwe shimo na magofu, serikali na Barrick walikubaliana litumike upya. Lina uwanja wa ndege, umeme mkubwa, barabara na majengo imara, nalo limetengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi kwa ajili ya viwanda. Barrick imefungua hapo chuo cha kuwanoa wasimamizi wake wa kazi. Pia umewekwa mpango wa kujenga kiwanda cha kusafisha nikeli itakayochimbwa Kabanga, wilayani Ngara. Hatuzungumzi juu ya mipango kana kwamba imekwisha kutimia. Mpango ni mpango hadi moshi wa kiwanda uonekane. Tunasema tu kwamba eneo la mgodi uliofungwa linaweza kuvuta mgeni mwingine, iwapo kilichobaki juu ya ardhi kina thamani.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo lote. Mwekezaji wa dhahabu hana hiari ya mahali. Huenda ilipo dhahabu. Mwekezaji wa kiwanda cha nyuzi, cha ngozi au cha mafuta ya kula ana hiari. Anaweza kwenda Kibaha, Nairobi au Kampala. Huyo hutazama umeme usiokatika, maji, reli, ardhi yenye hati isiyo na mgogoro, maamuzi ya haraka ofisini, na mfanyakazi aliyefundishwa.

Katika hayo, mikoa yetu haiko mikono mitupu. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanafika Kahama na Shinyanga. Reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa na kampuni za Kichina, na Isaka ni bandari kavu inayohudumia mizigo ya nchi jirani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Geita na Shinyanga, na kiwanda cha kuyawekea mabomba yake kinga ya joto kilijengwa Sojo, wilayani Nzega, jirani zetu. Mwaka 2025 serikali iliunganisha kituo cha uwekezaji na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya mauzo ya nje kuwa mamlaka moja, ili mwekezaji asizungushwe.

Na pamba je? Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania hulimwa katika Kanda hii ya Ziwa, na nyingi huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, imetenganishwa tu na mbegu. Kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona hufanyika kwa wengine, kisha shati hurudi kwetu mtumbani. Mgodi wa kisasa hutumia mashine nyingi na watu wachache. Kiwanda cha nguo hutumia watu wengi, na miongoni mwao ni mabinti wa Kishapu na Msalala ambao hakuna mgodi utakaowamaliza wote kwa ajira. Tukipewa nafasi ya kuchagua mgeni wa kumwombea dua, huyo ndiye tungemtanguliza.

Mayai ya akina mama

Wenye kufuatilia sheria watasema kwamba ajira za mgodi si zile za ndani ya lango pekee. Ni kweli. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi itangulize bidhaa, huduma na wafanyakazi wa ndani. Mgodi hula mboga, mayai na nyama, hushona sare, husafirisha watu, hutengeneza magari. Hapo pana riziki pana kuliko ya kusukuma toroli. Lakini turuhusiwe kusimulia yaliyowapata akina mama wa msikiti wetu.

Walikuwa kumi na wawili, wanafunzi wa darsa ya Jumamosi. Walichangishana, wakafuga kuku wa mayai, na mkandarasi mmoja wa chakula anayelisha wafanyakazi wa kambi mojawapo akakubali kununua mayai yao kila wiki. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha. Tulisoma dua kwa ajili yao baada ya swala ya Alasiri. Mwezi wa pili yakaanza maswali. Namba ya mlipakodi iko wapi? Stakabadhi iko wapi? Kwa nini trei hii ina mayai makubwa na ile madogo? Waliyajibu kadiri walivyoweza. Lililowashinda ni malipo. Fedha zilikuja baada ya siku 90, na kuku hafungi Ramadhani ya miezi mitatu. Pumba na mashudu hununuliwa kwa fedha taslimu.

Wawili kati yao, bila kuwaambia waume zao, wakaenda kukopa kwa wale watu wa mtaani ambao mikopo yao huitwa kausha damu. Jina hilo linajitosheleza. Mmoja akanyang'anywa cherehani yake. Ndoa ya mwingine ilitikisika hadi imamu akaitwa kusuluhisha usiku. Kuku wakauzwa, kikundi kikavunjika. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyezembea. Walikosa mtaji wa kungoja.

Mwaka uliofuata sita kati yao walianza upya. Safari hii walianza na karatasi: katiba ya kikundi, usajili kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi. Kisha wakaomba mkopo wa halmashauri. Hapa tunaomba msomaji asome kwa makini. Sheria inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, kisha ikarejeshwa. Nayo migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mapato ghafi. Maana yake ni kwamba sehemu ya dhahabu inayotoka chini ya miguu yetu inaweza kumfikia mama wa darsa ikiwa mtaji usio na riba, mradi tu mama huyo awe na kikundi kilichosajiliwa na daftari linalosomeka. Mali bila daftari huisha bila habari. Sasa tumejua kwamba bila daftari, mali haiji kabisa.

Leo wale sita huuza mayai kwa shule mbili za bweni na nyumba kadhaa za wageni, ambao hulipa ndani ya wiki. Kwa mkandarasi wa chakula hupeleka sehemu ndogo tu. Mwenyekiti wao alituambia neno tunaloona lingefaa kuandikwa ukutani katika kila ofisi ya halmashauri: "Mgodi ni mteja mzuri kwa mwenye mtaji wa kungoja."

Ndani ya nyumba zetu

Kurasa hizi ni za familia, na itakuwa si uaminifu kuzungumza juu ya dhahabu bila kuingia nyumbani. Katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Mwime, wapo watu waliopata riziki ya halali, wakajenga na kusomesha. Lakini pia wapo watoto. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2013 juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, yakiwemo ya Geita na Kahama. Zebaki inayotumika kukamatia dhahabu huchomwa, na mvuke wake hudhuru ubongo na figo. Wanaodhurika zaidi ni watoto na mimba zilizo tumboni. Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa kimataifa wa Minamata juu ya zebaki. Mkataba huo, hata hivyo, hauwezi kuingia uani kwetu na kumnyang'anya mama kikaango anachochomea zebaki jioni, kisha asubuhi akakaangia maandazi. Hilo ni letu.

Baba anayemtoa mwanawe kidato cha pili ili akavute kamba kwenye duara hupata fedha za mwezi huu. Kwa fedha hizo amemuuza mtu wa "kazi yoyote" wa miaka arobaini ijayo. Tunasema hivi bila kumhukumu aliye na njaa. Tunamwambia tu kwamba amana aliyokabidhiwa ataulizwa.

Wazazi wengine huwaona mabinti kuwa hawahusiki kabisa na habari hizi. Wangetembelea migodi mikubwa wangeona wanawake wakiendesha malori ambayo tairi lake limempita mtu kimo, na wengine wakipima sampuli maabara. Binti aliyesoma hesabu na kemia huchagua, na anayechagua huweza kuchagua pia kazi inayomlindia heshima yake.

Ujuzi hukaa penye karakana

Mwaka 2009 kampuni za migodi, kwa kushirikiana na VETA, zilianzisha mafunzo ya mafundi wa migodini. Hayakuwekwa Kahama wala Geita. Yaliwekwa Moshi, ambako hakuna mgodi wa dhahabu. Kwa nini? Moshi kulikuwa tayari na chuo chenye karakana na walimu. Kijana wa Kakola, anayesikia baruti za mgodi akiwa kitandani, alipaswa kwenda hadi chini ya Mlima Kilimanjaro ili afundishwe kazi inayofanyika nyuma ya nyumba yao.

Hatulioni hilo kuwa dhuluma. Tunaliona kuwa onyo. Fedha za wageni huenda mahali ambapo wenyeji wamekwisha kuanza. Siku hizi vyuo vya ufundi vimesogea karibu, kikiwemo cha VETA Shinyanga kinachofundisha mambo ya madini, na visingizio vimepungua.

Kuna kisa mashuhuri kilichopokewa katika vitabu vya Sunan. Mtu wa Ansari alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume (s.a.w.) aliuza kwa mnada vitu viwili alivyokuwa navyo mtu yule, akamwagiza anunue chakula cha familia kwa sehemu moja na shoka kwa sehemu ya pili, kisha akamtuma kwenda kukata kuni. Sadaka ingemshibisha siku moja. Shoka lilimpa jina: akawa mkata kuni, si mwombaji wa kazi yoyote.

Tunayoomba na tunayojiwajibisha

Kwa halmashauri zetu tuna ombi moja mahususi. Sheria inaitaka migodi iandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana nao na halmashauri, na inaitaka halmashauri iwaelimishe wananchi juu ya miradi hiyo. Basi mpango huo ubandikwe kwenye ubao wa kata, usomwe kwenye mikutano ya vijiji, na hata misikitini na makanisani. Tena ndani yake liwemo sharti kwamba wakandarasi wawalipe wauzaji wadogo katika siku 14. Sharti hilo halimgharimu mwekezaji kisima wala zahanati, lakini litaokoa vikundi vingi kuliko semina kumi.

Kwa wawekezaji, wa Magharibi na wa Mashariki, tunasema karibuni. Mnahitaji utulivu wa sera, haki mahakamani na majibu ya haraka ofisini. Hayo ni madai halali, na wenyeji wanaowavizia kwa rushwa wanaharibu riziki ya wote. Nanyi mjue kwamba usalama wa mgodi hautokani na urefu wa ukuta. Jirani anayeuza mayai na kulipwa kwa wakati ni mlinzi asiyehitaji bunduki.

Kwa wazazi na kamati za misikiti tunajianza wenyewe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee. Wengi wetu tumekaa na mgeni huyu zaidi ya miaka ishirini bila kulitafuta jembe la kumpa, wala la kushika sisi. Kamati yetu imeamua mambo matatu. La kwanza, kila mwaka sehemu ya michango yetu itamlipia ada kijana au binti mmoja katika chuo cha ufundi. Ni mmoja tu, lakini ni kila mwaka. La pili, wakati wa likizo darsa itakuwa na siku moja ya kufundishana namba ya mlipakodi, usajili wa kikundi na uandishi wa daftari. La tatu ni dogo kuliko yote: tumeibadilisha barua.

Barua mpya ina mstari uliokuwa haupo. Baada ya jina, umri na mtaa, pameandikwa "Fani yake", kisha nukta nukta. Hatuujazi sisi, huujaza mwombaji mwenyewe mbele yetu. Ijumaa iliyopita walikuja watatu. Wa kwanza alishika kalamu kwa muda mrefu, akairudisha mezani, akatuuliza fomu za chuo zinapatikana wapi. Wa pili aliandika "kazi yoyote", akatutazama, akaikata kwa mstari. Wa tatu aliandika, kwa mwandiko wa kupinda, "fundi wa kuchomelea, miaka miwili gereji".

Tuligonga muhuri kwenye barua zote tatu, kwani wote ni wanetu. Wa kwanza tulimwomba arudi Jumatatu, amlete na mzazi wake.

Wabillahi tawfiq.